Jumamosi: kompyuta na eksirei za kifua

Wakuu habari za jioni, Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana Upanga palepale, wa Kijitonyama tokeni mapema foleni ya Morocco mnaijua wenyewe. Mada ni zile programu za kompyuta zinazosoma eksirei ya kifua kutafuta TB, WHO walipendekeza zitumike 2021 kwa watu wa miaka 15 kwenda juu, yani watoto hawamo, msije mkaandika "wagonjwa wote" kwenye proposo kama mara ile 😂

Watu wa kompyuta nawaomba mje na masikio, maana modeli, yani hiyo programu iliyofundishwa kwa picha, inaweza ikapata maksi za juu kumbe imekariri tu alama za mashine ya hospitali moja, mapafu hata haijashughulika nayo, ukiipeleka hospitali nyingine inaumbuka. Na madaktari nanyi msituletee Excel yenye majina ya wagonjwa jamani, sheria ya taarifa binafsi ipo tangu 2022, na bila kibali cha kamati ya maadili ya utafiti hatugusi data ya mtu.

Nani ana projekta? Yangu imezingua tena. Chai juu yangu, vitumbua kila mtu ajitegemee.