Vitabu vya bure vipo, kinachowashinda watu ni faili

Mhariri,

Hapa Lamu, anayepata Kindle au Kobo, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, kutoka kwa mgeni au jamaa aliye ng'ambo hulalamika kwamba haina vitabu na vya dukani ni ghali. Vya bure ni tele.

Kabla ya yote, Kindle iliyotumika aghalabu huwa bado imeandikishwa kwa akaunti ya Amazon ya mwenyewe wa kwanza. Aiondoe mwenyewe kabla hajaondoka.

Project Gutenberg, maktaba ya vitabu vya kielektroniki iliyoanza Marekani mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki yake imekwisha huko. Tovuti ya Standard Ebooks huteua baadhi yake na kuvipanga upya kwa makini; ukikuta kitabu kimoja pote pawili, chukua cha hawa. Pakua EPUB, aina ya faili ambayo maandishi yake hujipanga kulingana na kioo. Riwaya isiyo na picha aghalabu huwa chini ya megabaiti moja, kwa hiyo bando si kisingizio.

Epuka PDF. Ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye kioo cha inchi 6, herufi huwa kama sisimizi. Ikiwa ni skani, hata kuigeuza hakusaidii: ndani hamna maandishi, mna picha za kurasa. Ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere, zilizochapwa London mwaka 1870, zimo bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive, lakini kwa sababu hiyo afadhali uzisomee kwenye tableti.

Kobo haina taabu. Chomeka waya, nakili EPUB, kisha itoe Kobo kwanza kwenye kompyuta (eject) ndipo uchomoe waya. Kindle ndiyo yenye maringo: EPUB iliyonakiliwa kwa waya haionekani kabisa. Itume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon inayopokea EPUB tangu 2022, au igeuze iwe AZW3, aina ya faili ya Kindle, kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta, uiweke kwenye folda ya documents. Ukituma kwa baruapepe, anwani yako iidhinishwe kwanza kwenye akaunti ya Amazon, la sivyo kitabu hakifiki. Kompyuta isipoiona Kindle, badilisha waya. Nyingi za bei rahisi huchaji tu. Nayo hotspoti ya simu iweke kwenye masafa ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, kwani vifaa vingi vya zamani havioni 5 GHz.

Kwa vya kununua, pakua sampuli ya bure kwanza.

PDF za riwaya mpya zinazosambazwa WhatsApp ni wizi, tuseme wazi. Sheria ya Kenya humlinda mwandishi hadi miaka 50 baada ya kufa kwake.

Kiswahili ndicho kilicho haba. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto za bure, ila picha zake za rangi hupendeza zaidi kwenye simu. Riwaya za Kiswahili za wasomaji wakubwa bado twazingoja kwa wingi, na wachapishaji wakiziuza, tafadhali ziwe EPUB.

Wasomaji,
Mkomani, Lamu