U nani wewe? Barua ya wazi kwa vijana wa Masasi katika Majilio

Wajukuu zangu,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Ninawaandikia katika wiki ambayo padri amevaa zambarau na mshumaa mmoja tu umewashwa madhabahuni, huku simu zenu zikilia ujumbe wa malipo ya korosho. Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, huja kwetu kusini wakati wa minada ya korosho, na kijana ambaye mwezi Agosti hakuwa na nauli ya kwenda Mtwara mjini, mwezi Desemba anaitwa "bosi" na watu ambao hawajui hata jina la mama yake. Siichukii fedha hiyo, kwa maana nimekuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima kwa miaka mingi na nimekula matunda ya mkorosho tangu utoto. Ninachokiogopa ni kwamba mwenye fedha huambiwa yeye ni nani kabla hajapata nafasi ya kujiuliza mwenyewe.

Swali hilo Yohana Mbatizaji aliulizwa waziwazi. Makuhani na Walawi walitumwa kutoka Yerusalemu wakamwuliza, "U nani?", naye, asema mwinjili, "alikiri, wala hakukana", kwamba yeye siye Kristo. Walipomtajia Eliya alikataa, walipomtajia nabii yule alikataa pia. Majina yote makubwa waliyomletea aliyarudisha, ingawa angeweza kupokea hata moja na umati ungemshangilia, na mwisho akasema yeye ni sauti tu ya mtu aliaye nyikani. Mimi hupenda kukaa hapo. Sauti haina mali wala cheo, na ikishasema neno ililotumwa huisha hewani. Lakini Yohana alitosheka nayo kwa sababu alimjua aliyempa.

Mimi niliulizwa swali hilohilo na nikakana. Nilikuwa kijana Dar es Salaam, nikiuza mashati mkononi pale Kariakoo, katika siku ambazo watu wa kusini walichekwa kwa lafudhi yao na kwa chale za usoni za wazee wao. (Mnajua kwamba neno "machinga" lenyewe linahusishwa na Wamachinga wa Lindi, jina la kabila likawa jina la kazi, na waliolitamka kwa dharau hawakujua wanamtaja nani.) Nilizoea kusema mimi ni wa Morogoro. Alasiri moja mzee mmoja aliyevaa koti zito katika joto lile alisimama mbele yangu, akalishika shati la bluu, akageuza ukosi wake kwa vidole viwili, kisha akanitazama na kunisalimu kwa Kimakua, lugha ya nyumbani kwetu. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba simwelewi. Alilikunja lile shati taratibu, kama alivyolikuta, akaniwekea begani na kuondoka. Alikuwa mtu wa kijiji chetu, na alikuwa amenitambua. Sikuuza kitu tena siku ile.

Nilipomweleza padri jambo hilo katika maungamo, miaka mingi baadaye, hakunikemea. Alinisomea Isaya: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Akaniambia niangalie mpangilio wa maneno: ukombozi umetangulia, jina likafuata, na kazi haijatajwa bado. Mimi nilikuwa nimeupindua mpangilio huo, nikitafuta kwanza kazi ya kunipa jina, na jina la kuninunulia heshima.

Sisi wa Masasi tungepaswa kulielewa neno hilo upesi kuliko wengine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapitia Lindi na kushika njia ya bara kwa miguu. Walikusudia kufika upande wa Ziwa Nyasa, lakini safari ikaishia hapa, chini ya miamba hii mnayopandia kutafuta mtandao, nao wakajenga na kulima. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara, waliishambulia misheni na kuichoma, na kazi ikahamia Newala. Lakini Masasi haikufa. Watu waliohesabiwa kama mali sokoni walikuwa mawe ya kwanza ya kanisa hili, katika mahali ambapo hawakupanga kufika. Basi anayeniambia kwamba wito wake umekwama kwa sababu hajapata chuo alichokitaka, au kwa sababu amerudi nyumbani mikono mitupu, namwomba kwanza autazame mwamba ulio nyuma ya nyumba yao.

Na mnajua jinsi mpima ubora anavyofanya ghalani. Hasifu gunia kwa macho. Huchota korosho kadhaa, huzipasua moja moja kwa kisu, na nyingine yenye ganda linalong'aa hukutwa nyeusi ndani. Majilio ni kisu cha namna hiyo, na inafaa mkishike wenyewe. Kabla hamjagawa fedha za msimu, tafuteni saa moja ya ukimya, simu ikiwa imezimwa, mjiulize ni majina gani mmepokea mwaka huu ambayo Mungu hakuwapa. Yako mtakayoyarudisha kwa aibu, na yako yatakayowauma kuyaacha. Aliye na jambo la kuungama asingoje mkesha wa Krismasi, maana siku hiyo foleni ni ndefu na padri amechoka.

Wito wenyewe msiutafute mbali sana. Askofu anapokuja kutoa kipaimara, ninyi ndio mnaofyeka nyasi za barabara na kufukia mashimo kwa changarawe, na hakuna anayeuliza jina la aliyefukia shimo lipi. Yohana aliagiza njia inyoshwe, na mimi sijawahi kupata tafsiri nzuri ya agizo hilo kuliko jembe na toroli la siku ile.

Jumapili ya tatu, baada ya misa, nitakaa kibarazani mwa kanisa, upande wenye kivuli. Anayetaka kunijibu lile swali aje, hata kama jibu lake halijakamilika. Na anayejua Kimakua anisalimu kwa Kimakua.

Babu yenu,
karani mstaafu, Masasi