KUH: Alteneta mliyoniuzia haina feni ya nyuma

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Spea za Magari,
Mombasa.

Mimi ni mwenye matatu ya Likoni kwenda Ukunda, na huiendesha mwenyewe. Wiki tano zilizopita nilinunua kwenu alteneta, yaani jenereta ya gari inayochaji betri, ya ampea 70 kwa shilingi 14,500. Risiti ninayo, na kijana wenu wa kaunta alinihakikishia kuwa ni mpya.

Jumamosi usiku, karibu na Waa, taa ya betri iliwaka, taa za mbele zikafifia hadi zikawa za manjano, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa ndani. Nilikuwa na abiria kumi na watatu, wawili kati yao watoto. Jumatatu nilipokuja kwenu nikajibiwa kwamba nimeizidishia mzigo kwa redio na taa. Jibu hilo silikubali.

Fundi wangu wa umeme aliifungua nikiwa nimesimama hapo. Alteneta ya aina hii rota yake, yaani sehemu inayozunguka ndani, huwa na feni mbili, moja mbele upande wa puli na nyingine nyuma, upande wa dayodi, zile zinazogeuza umeme wake uwe wa kuchaji betri. Kila moja huvuta hewa ya upande wake na kuisukuma nje kwa matundu ya ubavuni, ikipita kwenye nyaya za shaba. Ya mbele ipo. Ya nyuma imeng'olewa. Palibaki alama za kulehemu tu, zimepigwa tupa na kupakwa rangi ya fedha. Aliyeipaka rangi alijua anaficha nini.

Dayodi zikipitisha ampea 70 hutoa joto la wati 100 hivi, zote zikiwa kwenye kibati kinachoenea kiganjani. Hewa isipopita, zinajipika. Na taabu kubwa si gari likiwa mbioni. Ni pale stejini Likoni, nasubiri abiria, injini inanguruma chini, taa zimewaka. Feni huzungushwa na injini, kwa hiyo nayo huenda polepole, na joto la boneti halina pa kutokea. Hapo hata alteneta nzima hupata shida, sembuse hiyo yenu.

Kuhusu mzigo: fundi alipima kila kitu kikiwa kimewashwa, akapata ampea 43, chini ya zile 70 za alteneta.

Nataka nirudishiwe pesa zangu, au nipewe alteneta nyingine itakayofunguliwa mbele yangu nione feni zote mbili, ndani ya siku 14. Katiba yetu, Kifungu cha 46, inanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na sitaiacha haki hiyo kwa sababu ya shilingi elfu chache.

Jambo jingine. Kwenye rafu yenu niliona nyingine kama hii, rangi ileile ya fedha. Tafadhali zifungueni leo, kabla hamjamuuzia dereva mwingine anayebeba watu usiku.

Alteneta iliyoungua ninayo, na picha za rota nimeziambatanisha.

Wenu,
Mteja, Likoni