Kwa vijana mnaozikana filamu mlizozipenda

Wanangu,

Nimewasikia mkizungumzia filamu za utotoni mwenu, na kilichoniuma ni wepesi wenu wa kuzikana. "Ah, ile ilikuwa ya kitoto." Basi, imeisha. Nawaomba mzirudie kabla hamjazitupa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotazama "Wezi wa Baiskeli", filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1948 iliyoongozwa na Vittorio De Sica. Kwangu sinema ilikuwa stelingi na adui, na stelingi hafi. Huyu stelingi alikuwa baba fukara wa Roma. Kapata kazi ya kubandika mabango, kazi inataka baiskeli, mkewe kaweka rehani mashuka ili waikomboe yao, na siku ya kwanza tu kazini ikaibwa. Yeye na mwanawe Bruno wanazunguka mji kuitafuta. Mwishowe baba naye anaiba ya mtu, anakamatwa, na mtoto anaona yote. Nilitoka na hasira. Nilimwona mtu dhaifu, nikamhukumu kwa ukali wa kijana ambaye hajawahi kutegemewa na tumbo la mwingine.

Niliirudia nikiwa na watoto wawili na sina kazi. Sikumaliza. Bruno alipomshika baba yake mkono, nilizima nikaenda kukaa nje.

Mwaka jana nimeitazama tena, na safari hii nikamwona mtu ambaye miaka yote hiyo alinipita: mwenye ile baiskeli aliyoiiba baba. Anaonekana kwa muda mfupi sana. Mwizi wake amekamatwa, watu wanataka apelekwe polisi, naye anamtazama yule mtoto anayelia, kisha anasema aachwe. Leo nikiitazama, namsubiri yeye. Pengine kwa sababu umri wangu sasa ni wa kuamua nani nimsamehe.

Filamu haikubadilika hata picha moja. Hata ile katuni ya simba ya mwaka 1994, "The Lion King", watoto wangu waliimba "hakuna matata" nyumba nzima, nami nikaimba nao. Ilinichukua miaka kusikia kwamba anayeimbiwa ni mtoto aliyekimbia kwao akiamini amemuua baba yake.

Zipo zitakazowaaibisha. Mtakuta mlicheka mwanamke akipigwa kofi, au mtu akidhihakiwa kwa kigugumizi chake. Hapo msizitetee kwa sababu ya utamu wa zamani. Semeni wazi kwamba mlikosea kucheka.

Ila msizirudie peke yenu kila mara. Mwenye mzazi aliye hai aketi naye, aweke filamu ambayo wote wawili waliwahi kuipenda, na wakifika katikati amwulize: wewe unamwangalia nani? Mimi sikuwahi kumwuliza baba yangu. Alipenda sinema sana, na sijui jicho lake lilikuwa kwa nani.

Ni mimi, mzee wenu.