Kobe wako anacheza, au anatafuta njia ya kutoka?

Sisi hutengeneza vizimba vya reptilia, na wateja hututumia sana video za aina mbili. Katika ya kwanza, kobe anasukuma mpira uani. Katika ya pili, mjusi au kobe mdogo amesimama kwa miguu ya nyuma, anaparura kioo cha kizimba bila kukoma. Zote mbili huja na swali moja: anacheza, sivyo? Wa mpira huenda kweli anacheza. Wa kioo hachezi, na huyo ndiye anayetutia wasiwasi.

Tuanze na jibu la msingi: ndiyo, reptilia, yaani kobe, mijusi, nyoka na mamba, wanaweza kucheza. Gordon Burghardt wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na ameweka masharti matano yanayotuongoza hadi leo. Tendo lisiwe na faida ya papo hapo, yaani halimpi mnyama chakula, mwenzi wala usalama. Alifanye kwa hiari yake. Litofautiane na tendo halisi linalofanana nalo, kwa mfano aumeuume kitu kama windo bila kukimeza. Alirudie mara kwa mara, lakini si kwa namna ileile kama mashine. Na alifanye akiwa ameshiba, ni mzima na hana hofu. Hilo la tano ndilo wafugaji wengi wanalolisahau, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Pigface, kobe wa majini wa mto Nile mwenye gamba laini. Jamii yake tunayo hata huku kwetu, katika Ziwa Turkana. Aliishi zaidi ya miaka 50 katika bustani ya wanyama ya taifa huko Washington. Alikuwa na tabia ya kujiuma miguu na kujikwaruza shingo kwa kucha mpaka anapata vidonda. Walezi walipomwekea mipira, vijiti na pete ya mpira majini, akawa anavisukuma na kuvifukuza kwa muda mrefu, na kujiumiza kukapungua. Burghardt na wenzake walichapisha utafiti huo mwaka 1996. Katika bustani hiyohiyo kulikuwa na Kraken, kenge jike wa Komodo, aliyekuwa akichomoa leso mfukoni mwa mlezi, akitumbukiza kichwa ndani ya ndoo na viatu na kuvitikisa, bila kujaribu kuvila.

Kwa nini basi ni nadra kuona mambo haya nyumbani? Sababu kubwa ni joto. Mwili wa reptilia hauzalishi joto la kutosha, na nguvu zake za ziada ni chache. Akiwa baridi, kila nguvu aliyonayo inakwenda kwenye kusaga chakula na kujilinda. Ndiyo maana mifano mingi ya michezo inatoka kwa wanaoishi majini, kama kobe wa majini na mamba: maji yanabeba uzito wa mwili, na mwendo haugharimu sana.

Kwa hiyo kabla ya kununua mpira, pima joto. Kwa kobe wa madoa, ambaye ndiye tunayemhudumia zaidi, sehemu ya kuota joto iwe nyuzi 32 hadi 35, na upande wa pili wa kizimba 24 hadi 27, ili achague mwenyewe. Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi karibu nyuzi 12. Kobe mchanga asiachwe nje usiku kama huo. Mlaze pasiposhuka chini ya 18. Pima pale anapokanyaga, si ukutani. Na usitumie kipimajoto cha kulenga paji la uso wa binadamu: vingi havisomi chini ya nyuzi 32, kwa hiyo upande wa baridi utakupa namba ya uongo au hutapata namba kabisa. Jua la nje ndilo bora kuliko balbu yoyote. Kobe wa ndani anahitaji balbu ya UVB, yaani inayotoa mionzi kama ile ya jua inayoupa mwili vitamini D, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halimsaidii, maana kioo huzuia karibu mionzi yote ya UVB. Balbu nayo huendelea kuwaka hata baada ya mionzi hiyo kufifia, kwa hiyo andika tarehe kwenye kitako chake siku unayoifunga, na ubadilishe baada ya miezi 12 au mapema zaidi kadiri mtengenezaji anavyoelekeza.

Joto likikaa sawa, unaweza kujaribu. Kwa kobe mwenye gamba la sentimita 20 hadi 25, tafuta mpira wa plastiki ngumu wenye uso usio na mikwaruzo na upana wa sentimita 7 hadi 10. Usitumie sponji, wala mpira wa tenisi wenye manyoya, kwa sababu ataubandua na kumeza vipande. Chagua bluu au nyeusi. Kobe huvutwa na nyekundu na njano kwa kuwa ni rangi za maua na matunda. Ndiyo maana huuma vidole vya miguu vilivyopakwa rangi nyekundu, na mpira mwekundu atauuma akidhani ni chakula. Uoshe kwa sabuni, usuuze mpaka usibaki na harufu yoyote.

Mwache ale nyasi zake asubuhi na aote jua mpaka gamba lipate joto. Kisha weka mpira mita moja kutoka alipo, pasipo kumzibia njia ya kivulini au ya maji. Wewe kaa mbali, mita 3 hivi, kwani akikuona karibu atakufuata wewe akitaka kulishwa. Rekodi dakika 20, kisha ondoa mpira. Rudia baada ya siku tatu. Ukiuacha humo mchana kutwa atauzoea kama jiwe, na hutajua lolote.

Mara ya kwanza ataunusa na kuugusa kwa pua. Huko ni kuchunguza kitu kigeni. Angalia mara ya nne na ya tano, ugeni ukiisha. Akiendelea kuuendea, akausukuma, akaufuata unapobingirika, akazunguka na kuusukuma upande mwingine, hapo una kobe anayecheza. Asipojali kabisa, hana kasoro yoyote. Jaribu kumwagia maji kidogo mgongoni, au rundo la majani makavu la kupenya.

Kuna matendo matatu yanayodhaniwa kuwa mchezo. Kobe dume anayegonga kiatu au chungu cha maua, amerudisha kichwa ndani na kukirukia, anapigana au anatafuta jike. Mwondolee kitu hicho, na usimwekee chochote kirefu kuliko nusu ya kimo cha gamba lake: akikipanda akapinduka juani, anaweza kufa kabla hujarudi kutoka kazini. Mjusi mwenye ndevu wa Australia anayezungusha mkono mmoja polepole kama anakupungia ananyenyekea mbele ya mkubwa wake. Na nyoka anayepita vidoleni mwako huku akitoa ulimi anachunguza, au anatafuta pa kujificha.

Wa kioo je? Mara nyingi anaona nje na hajui kuwa kuna ukuta, au anaona sura yake kiooni akadhani ni mpinzani, au kizimba kizima kina joto kali na hana pa kukimbilia. Funika sentimita 15 za chini za kioo kwa karatasi nzito kwa nje, pima pande zote mbili, ongeza pa kujificha. Akiendelea baada ya siku chache, kizimba ni kidogo. Hapo hakuna kichezeo wala mpira utakaosaidia.

Baada ya kushika mnyama au vifaa vyake, osha mikono kwa sabuni. Reptilia hubeba Salmonella, bakteria wanaowaharisha watu, bila kuugua, kwa hiyo vifaa visioshwe kwenye sinki la vyombo, na watoto wa chini ya miaka 5 wasivishike.

Ukitaka tuje kukagua kizimba au ua, tutumie video ya dakika 10 bila wewe kuonekana, joto la pande zote mbili saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, tarehe ya balbu, na vipimo vya mahali anapokaa. Kwa walio Kenya, tutaomba pia kuona kibali cha KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Kobe aliyeokotwa barabarani hatumtengenezei kizimba. Tutakuelekeza pa kumpeleka.