Nambari za miungu zina sababu zake

Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu nambari za miungu wa Misri na Ugiriki wa kale ilisomwa kwa sauti hapa Shella, Malindi, kwenye baraza ya muuza kahawa. Haijafika mwisho, vijana wawili walishatoa simu kubeti. Siwalaumu. Mwandishi aliwapangia orodha: saba ni bahati, tisa ni enzi, kumi na saba ni nuksi, akaishia hapo. Nambari ukiitoa bila sababu yake unagawa hirizi, na hirizi huku kwetu hazijapungua.

Nianze na hiyo 17, maana imenitoa jasho. Mimi ni fundi wa vigae, na nyumba nyingi nilizotandika sakafu ni za Waitaliano. Wengi wao 13 haiwashughulishi. Wanayoikimbia ni 17. Tajiri wangu mmoja alihesabu vidato vya ngazi yake, vikatimia 17, akataka kiongezwe kimoja pale chini. Nikakiongeza. Pesa ni zake.

Plutarch, Mgiriki aliyekuwa kuhani wa Apollo huko Delphi karibu miaka 1,900 iliyopita, ameandika kwamba Wamisri walisimulia kuwa mungu wao Osiris alikufa siku ya 17 ya mwezi, na kwamba wafuasi wa Pythagoras, yule Mgiriki wa hesabu, waliichukia nambari hiyo vibaya sana. Sababu yao nimeipima mwenyewe kwa vigae vya futi moja. Panga 16, vinne kwa vinne: ukipima ukingo kuzunguka pande zote unapata futi 16, sawasawa na idadi ya vigae. Panga 18, vitatu kwa sita: ukingo nao ni futi 18. Jaribu umbo jingine lolote la pembe nne mraba, kwa vigae vizima, halitakubali. Ni hayo mawili tu. Na 17 imesimama katikati yake, inayatenga. Pythagoras mwenyewe alifundisha mji wa Croton, kusini mwa Italia hiyohiyo. Sisemi kwamba woga wa tajiri wangu ulianzia kwake, lakini makala ingeyataja haya tungekuwa na la kuzungumza.

Wamisri lakini hawakuhitaji vigae. Walikuwa na mwezi. Mvuvi yeyote wa hapa anajua kwamba mwezi wa kumi na nne ndio ulioiva, ndio tunaowasifia nao wenye sura nzuri. Ukifika 17 umeshameguka waziwazi, unachelewa kuchomoza, na bamvua, yale maji makuu ya bahari, inaanza kulegea. Plutarch anasema hivyohivyo: siku hiyo ndipo kupungua kwa mwezi kunapoonekana wazi. Kisa ni kwamba Osiris aliuawa na nduguye Seth, akakatwa vipande 14, na Plutarch anavilinganisha na siku za mwezi kupungua tangu upevuke hadi uandame mwingine. Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyemtangulia Plutarch, anasimulia kisa hichohicho na vipande vyake ni 26, kwa kuwa kwake yeye kila mmoja katika genge la wauaji alipewa fungu. Basi kipi kitakatifu, 14 au 26? Inategemea msimulizi alikuwa anahesabu nini.

Tisa nayo mliipamba mno. Katika maandishi ya Wamisri, ukitaka kuonyesha wingi wa kitu unakiwekea vistari vitatu. Tatu mara tatu ni wingi wa wingi: wote, bila kubakisha. Ndiyo maana maadui wote wa Misri waliitwa Pinde Tisa, zikachorwa chini ya miguu ya sanamu za Mafarao ili zikanyagwe. Miungu ya mji wa Heliopolis ilikuwa tisa kweli, kuanzia Atum hadi Nephthys, lakini ile ya hekalu la Karnak iliyoitwa kwa jina hilohilo la tisa ilifika 15, na makuhani hawakuona tatizo.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba makala iliruka siku tano. Babu yangu alikuwa nahodha Lamu. Hakuhesabu safari zake kwa Januari na Februari. Alihesabu kwa Nairuzi, kalenda ya mabaharia wa pwani, mwongo baada ya mwongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 ni siku 360, zinabaki tano za kukamilisha mwaka. Wamisri walikuwa na hesabu hiyohiyo: miezi 12 ya siku 30, kila mwezi umegawanywa kumi-kumi, na tano za ziada mwishoni. Wao zile tano walizitolea kisa. Plutarch anakisimulia hivi: Jua lilimlaani Nut, mungu wa kike wa anga, asizae katika mwezi wowote wala mwaka wowote. Thoth, mungu wa hekima, akacheza mchezo na Mwezi, akashinda sehemu ya nuru yake, akaitengeneza siku tano ambazo si za mwezi wowote. Humo wakazaliwa Osiris, Horus mkubwa, Seth, Isis na Nephthys, mmoja kila siku. Hesabu iliyokataa kugawanyika vizuri ikawazalia miungu watano! Na bado kulibaki robo ya siku ambayo kalenda yao haikuihesabu, kama isivyohesabiwa katika Nairuzi, ndiyo sababu zote mbili zilikuwa zikihama polepole katika majira.

Mmeahidi kwamba Jumamosi ijayo ni zamu ya 12. Ombi langu: mwandishi asituambie tu kwamba 12 ni ukamilifu kwa sababu Heracles, shujaa wa Wagiriki, alifanya kazi 12. Kwa masimulizi ya mwandishi wa Kigiriki Apollodorus, mwanzoni zilikuwa kumi. Mfalme Eurystheus, aliyempa kazi hizo, alikataa kuhesabu mbili: kumuua Hydra, nyoka wa vichwa vingi, kwa kuwa Heracles alisaidiwa na Iolaus, mtoto wa nduguye, na kusafisha mazizi ya Augeas, kwa kuwa alidai ujira. Ikabidi aongezewe mbili nyingine. Sisi tunaokagua sakafu na tajiri Ijumaa jioni, tukaambiwa hiki hakihesabiki kwa kuwa ulikuja na msaidizi, tungependa kisa hicho kiandikwe kwa urefu.

Fundi wa vigae,
Shella, Malindi