Maabara za migomba na dawa ya saratani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza katika safu hii kwamba maabara zinazozalisha miche ya migomba zipewe pia kazi ya kutengeneza dawa ya saratani kutokana na vinka, lile ua la pinki au jeupe linalopandwa vibarazani pwani yote. Nia yake ni njema, na mimi ninayeshinda kwenye chupa za migomba hapa Arusha ningefurahi kuliko wengi ikitimia. Lakini hesabu yake ina tundu.

Anadhani ukizidisha seli umezidisha dawa. Kwenye migomba tunachotaka ni miche, basi tunatia BAP, homoni ya jamii ya saitokinini, machipukizi yanafumuka, tunayatenga na kuyahamishia chupa nyingine. Kwenye vinka unatafuta alkaloidi, yaani kemikali za mmea zenye nguvu ya dawa, zilizomo ndani ya seli, na mara nyingi homoni inayokupa wingi ndiyo inayokunyima dawa.

Chukua 2,4-D, homoni ya kutengenezwa ya jamii ya oksini. Wakulima wa ngano na mahindi wanaijua kama kiuagugu cha majani mapana. Maabara inatia kidogo mno, kama miligramu 1 kwa lita, na kwa kipimo hicho kipande cha jani la vinka kinapoteza ujani na kuwa donge laini, jeupejeupe, linalomeguka ukiligusa kwa kibano. Linakua kwa kasi ya kupendeza. Ukilipima, alkaloidi ni chache, kwa kuwa oksini hiyo inaizima jeni ya kimeng'enya kinachogeuza triptofani, asidi amino ya kawaida, kuwa triptamini, na bila triptamini kazi ya kuunda alkaloidi haianzi. Zihamishie seli hizo kwenye lishe isiyo na 2,4-D, ongeza saitokinini kidogo: ukuaji unapungua, alkaloidi mbili, ajmalisini na serpentini, zinaanza kujikusanya. Nikiwa mafunzoni niliiona serpentini kwa macho yangu. Seli zikimulikwa gizani kwa taa ya urujuanimno zinawaka buluu, lakini si zote. Moja inang'aa na jirani zake ni giza tupu. Kundi la watafiti la Meinhart Zenk kule Bochum, Ujerumani, lilishaonyesha mwaka 1977 kwamba lishe ya kukuzia seli na lishe ya kuzalishia alkaloidi ni vitu viwili.

Na hapo bado hatujaifikia dawa ya saratani. Vinblastini na vinkristini, dawa zenyewe za saratani, hutokana na alkaloidi mbili za vinka, katarantini na vindolini, kuungana, na hatua za mwisho za vindolini zinahitaji seli maalumu za jani halisi. Donge halina jani. Ndiyo maana viwanda vimeendelea kutegemea majani ya shambani, takriban kilo 500 za majani makavu kwa gramu 1 ya vinblastini.

Nalisema hili kwa uchungu. Vinkristini ni mojawapo ya dawa wanazotibiwa watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliuandikia mwaka 1958 akiwa Kampala, na watoto wa Kanda ya Ziwa wanaugua hadi leo. Mzazi wa mtoto kama huyo asiahidiwe dawa ya bei nafuu kutoka kwenye chupa zetu.

Nikiulizwa pa kuanzia, nitasema mranaha, mmea mwingine wenye alkaloidi. Hiosiamini, alkaloidi yake ambayo dawa ya atropini ya hospitalini inatokana nayo, hutengenezwa kwenye mizizi, na mizizi inakubali kukuzwa peke yake. Ikiambukizwa bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium rhizogenes, inatawanyika kwenye lishe bila kutiwa homoni yoyote na alkaloidi zinabaki. Itie oksini na saitokinini kwa pamoja, inavurugika kuwa donge na hiosiamini inapotea. Chupa, lishe na chumba cha ukuaji tunavyo tayari. Tunachokosa ni mashine ya kupima alkaloidi na mkemia wa kuisimamia. Fedha zikipatikana, zianzie hapo.

Fundi sanifu maabara,
Arusha